Usiku wa Barton Hall na Mikono Iliyouhifadhi

Bendi ya Grateful Dead ilipiga maonyesho zaidi ya 2,300 katika miaka 30 ya uhai wake, kuanzia 1965 hadi mpiga gitaa wake Jerry Garcia alipofariki tarehe 9 Agosti 1995. Mengi kati ya hayo yalirekodiwa, na mashabiki wake wamebishana juu yake usiku kwa usiku, mwaka kwa mwaka, bila kuchoka. Lakini mgeni akiuliza aanze na onyesho lipi, jibu analopewa mara nyingi ni lile lile: Barton Hall, Chuo Kikuu cha Cornell, mjini Ithaca katika jimbo la New York, Jumapili tarehe 8 Mei 1977. Nimeisikiliza rekodi hiyo kwa miaka, na kadiri ninavyoisikiliza ndivyo ninavyoona kwamba sifa inayomiminiwa bendi inapaswa kugawanywa. Fungu kubwa ni la mtu ambaye hakupiga ala yoyote usiku ule, fundi wa sauti Betty Cantor-Jackson. Anayetaka kujua kwa nini onyesho moja kati ya elfu mbili na ushei limepanda juu ya mengine, aifuate kanda.

Betty aliingia katika kazi ya sauti mjini San Francisco mwishoni mwa miaka ya 1960, akiwa kijana sana, katika fani ambayo wanawake wake walikuwa wa kuhesabika. Pamoja na fundi mwenzake Bob Matthews alirekodi albamu ya Grateful Dead iitwayo Live/Dead iliyotoka 1969, kwa mashine ya mikondo 16 ambayo wakati huo ilikuwa bado kitu kigeni hata katika studio nyingi, seuze kwenye ukumbi wenye watu. Mwaka uliofuata wawili hao walishirikiana na bendi kutayarisha albamu ya Workingman's Dead. Kurekodi maonyesho ilikuwa desturi ya bendi tangu enzi za Owsley Stanley, fundi wao wa mwanzo, aliyetunza kanda ili kesho yake asikilize jinsi mitambo yake ilivyofanya kazi. Betty aliipokea desturi hiyo akaipeleka mbali. Kanda zake zinasikika kuwa ni za mtu anayemfikiria msikilizaji, mtu atakayekaa chumbani kwake siku nyingine kabisa, bila kumwona mwanamuziki hata mmoja, na bado atake kujua nani alipiga nini.

Mwezi Septemba 1976 mume wake, Rex Jackson, aliyekuwa mfanyakazi wa bendi hiyo hiyo, alifariki katika ajali ya gari. Ziara ya majira ya machipuko ya 1977 ilimkuta mjane ambaye msiba wake haujatimiza hata mwaka. Alikaa mbele ya mitambo yake, mji baada ya mji, na kanda alizorekodi katika majuma yale ndizo zinazotajwa kwanza na wapenzi wa bendi hadi leo.

Bendi yenyewe ilikuwa imetoka katika kipindi kigumu. Mwaka 1974 walizunguka na mtambo wa sauti ulioitwa Ukuta wa Sauti, wenye spika zaidi ya 600 na uzito wa tani zipatazo 75, uliojengwa nyuma ya wanamuziki mpaka juu. Sauti yake ilisifiwa na kila aliyeisikia, lakini kuusafirisha, kuusimamisha na kulipa watu wa kuubeba kuliwaelemea kifedha. Oktoba 1974 waliacha ziara. Waliporudi barabarani Juni 1976 walikuwa na mitambo myepesi, nyimbo mpya, na wapiga ngoma wawili tena: Bill Kreutzmann, aliyekuwepo tangu mwanzo, na Mickey Hart, aliyejitenga nao mwaka 1971. Gitaa la solo na nusu ya uimbaji vilikuwa vya Garcia, aliyepoteza sehemu kubwa ya kidole cha kati cha mkono wa kulia akiwa mtoto wa miaka minne. Bob Weir alishika gitaa la pili. Besi ilikuwa ya Phil Lesh, aliyeanza maisha ya muziki kwa fidla, kisha tarumbeta, na kusomea utunzi, na ambaye hakukubali kamwe kwamba kazi ya besi ni kukaa chini na kushika mapigo. Keith Godchaux alipiga piano, na mkewe, Donna Jean, aliimba. Donna Jean alikuwa amekulia katika studio za Muscle Shoals, Alabama, na sauti yake imo katika kiitikio cha wimbo wa Elvis Presley uitwao Suspicious Minds wa mwaka 1969.

Mwanzoni mwa 1977 kampuni yao mpya ya rekodi, Arista, iliwakutanisha na mtayarishaji Keith Olsen, aliyekuwa amewatengenezea Fleetwood Mac albamu yao ya 1975. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi walikuwa na mtu wa nje anayewaambia warudie. Wapiga ngoma wawili walitakiwa wakubaliane nani anapiga nini, na wakaifanya kazi hiyo kwa bidii. Albamu iliyotoka humo, Terrapin Station, iliongezewa okestra na kwaya zilizorekodiwa London, na nakiri kwamba mapambo hayo sijawahi kuyapenda. Faida ya Olsen ilijitokeza kwingine. Bendi iliyoanza ziara mjini Philadelphia tarehe 22 Aprili ilikuwa imenolewa: mianzo ilikuwa safi, miishio ilikuwa safi, na waliporefusha wimbo walijua wanatoka wapi. Watu husema bendi ya aina hii hupiga ovyo, kila mtu kwa hisia zake. Kanda za Aprili na Mei 1977 zinaonyesha jinsi uhuru wao ulivyotegemea mazoezi.

Tarehe 5 Mei walikuwa New Haven, tarehe 7 Boston, na siku iliyofuata Ithaca.

Barton Hall haukujengwa kwa ajili ya muziki. Ni jengo kubwa linalofanana na ngome, lililojengwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia ili wanafunzi wafanyie gwaride na mafunzo ya kijeshi, na baadaye likawa uwanja wa michezo wa ndani. Sakafu yake ni pana, paa lake liko juu sana, na sauti inayotupwa humo hurudi kwa mwangwi. Siku ile ilikuwa Siku ya Mama nchini Marekani, wanafunzi walikuwa wanaelekea mwisho wa muhula, na hali ya hewa ya kaskazini mwa New York ilifanya visa vyake: watu waliotoka ukumbini usiku ule wa Mei walikuta theluji inaanguka. Jambo hilo limesimuliwa mno na waliokuwepo, kwa furaha ambayo haijapungua.

Onyesho lilianza kwa New Minglewood Blues, wimbo wa zamani wa blues ambao Weir aliupenda kwa kuchangamsha ukumbi. Nusu ya kwanza ina nyimbo 12 ukihesabu Lazy Lightning na Supplication mbalimbali, na wengi huipita haraka ili wafike kwenye nusu ya pili. Mimi nadhani wanakosa kitu. Katika nusu hiyo unaisikia bendi ikipimana na ukumbi. Humo mna El Paso wa Marty Robbins na Mama Tried wa Merle Haggard, nyimbo za mtindo wa kantri zilizopigwa kwa heshima na bila kurefushwa, kwa sababu bendi hii ilijua kwamba si kila wimbo unadai kunyooshwa. Mna Loser, hadithi ya mcheza kamari, ambamo Garcia anaimba taratibu kisha gitaa lake linaeleza yale ambayo mtu yule hataki kuyakiri. Na mna Row Jimmy, wimbo wa polepole sana. Wapiga ngoma wawili wanauacha uende kwa mwendo ambao bendi nyingine ingeona aibu kuushika, na hakuna anayejaribu kuusukuma. Ninapotaka kumwonyesha mtu jinsi Kreutzmann na Hart walivyoelewana mwaka ule, nampigia Row Jimmy kabla ya wimbo wowote wa kasi.

Nusu hiyo inafungwa na Dancing in the Street, wimbo ambao Martha and the Vandellas waliutoa kupitia kampuni ya Motown mwaka 1964. Mwaka 1977 disko ilikuwa imetawala, na Grateful Dead waliuvika wimbo huo mavazi ya disko kwa zaidi ya dakika 15. Mashabiki wa zamani walinung'unika. Lakini sikiliza katikati, waimbaji wanaponyamaza: Garcia anaanza kupiga noti fupi zinazokatwa, Weir anamjibu kwa mikwaruzo midogo kwenye nyuzi, Lesh anaingia katika mapengo yanayoachwa na wote wawili, na ukumbi mzima unachezeka. Aibu iko wapi hapo?

Waliporudi jukwaani baada ya mapumziko watu wa mbele walikuwa wanabanwa. Kwenye kanda unamsikia Weir na wenzake wakiwaomba waliosimama warudi nyuma hatua moja, kisha hatua nyingine, kwa upole, mpaka pakawa na nafasi ya kupumua. Naishukuru kanda kwa kutokufuta maneno hayo. Sekunde chache baadaye zinaanza dakika 25 na zaidi ambazo zimeupa usiku huu jina lake.

Scarlet Begonias ulikuwa wimbo wa mwaka 1974. Fire on the Mountain ulikuwa mpya na ulikuwa bado hauna albamu. Ulikuja kutolewa kwenye santuri ya Shakedown Street mwaka 1978. Nyimbo hizo mbili ziliunganishwa mbele ya watu kwa mara ya kwanza tarehe 18 Machi 1977 mjini San Francisco, kwa hiyo pale Ithaca muungano ulikuwa haujafikisha miezi miwili. Scarlet Begonias unachezwa kwa furaha, Garcia anaimba beti zake, kisha mkia wa wimbo unafunguliwa na Donna Jean anapandisha sauti bila maneno juu ya ala. Hapo ndipo kazi inapoanza. Hakuna anayetangaza kwamba wimbo umekwisha. Ngoma zinaanza kulegeza mkazo wa mapigo, kidogo tu. Lesh anaanza kukirudia kipande cha besi ambacho si cha Scarlet Begonias. Garcia anaendelea na wimbo wa zamani, halafu anakisikia kile kipande, anazunguka mara mbili tatu juu yake, anaacha. Kwa muda nyimbo zote mbili zipo, na huwezi kuweka kidole mahali fulani ukasema hapa moja imekwisha na hapa nyingine imeanza. Nimejaribu. Kila nikisikiliza napaona mpaka mahali pengine.

Fire on the Mountain wenyewe umesimama juu ya makundi mawili tu ya noti yanayopokezana tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa maandishi ni wimbo maskini kabisa. Utajiri wake uko katika yale Garcia aliyoyafanya juu ya hayo mawili. Alikuwa na gitaa la Travis Bean, lenye shingo ya alumini na sauti angavu, akalipitisha kwenye kifaa cha kuchuja sauti ambacho hufungua noti inapopigwa kwa nguvu na kuifunga inapofifia. Baada ya kila ubeti anapiga solo, na kila solo inaanzia chini kuliko ile iliyotangulia ilipoishia, halafu inapanda juu yake. Hana haraka. Anasema sentensi fupi, ananyamaza, piano ya Keith inaitikia, anasema sentensi ndefu zaidi. Masikio yaliyokulia kwenye muziki wa dansi wa kwetu yatapaelewa mahali hapa bila kufundishwa, kwa sababu ndivyo sebene inavyofanya kazi: beti zimekwisha kusema yake, sasa magitaa yanazungumza, na anayecheza anajua kwamba subira ya mpiga solo ndiyo itakayomnyanyua mwishoni.

Estimated Prophet unafuata, wimbo wa Weir wenye mapigo saba, uliopigwa hadharani kwa mara ya kwanza Februari ya mwaka huohuo. Ni mzuri, ingawa nimeusikia bora zaidi siku nyingine. Kisha St. Stephen, wimbo wa enzi zao za 1969 uliokuwa umewekwa kando kwa miaka kadhaa, na watu wanaupokea kwa kelele zinazoingia mpaka kwenye kanda.

Kutoka St. Stephen wanateleza kuingia Not Fade Away wa Buddy Holly, uliotoka 1957 juu ya mapigo ambayo Bo Diddley alikuwa ameyafanya maarufu miaka miwili kabla: matatu, kisha mawili. Mpangilio huo unajulikana sana upande wetu. Upo katika muziki wa Kuba, ambao mizizi yake iliivuka bahari kutoka Afrika, na ulirudi kwa santuri za Kuba zilizopendwa Léopoldville na Brazzaville, ukaingia katika rumba ya Kongo, na kutoka huko ukaenea Nairobi na Dar es Salaam. Mpenzi wa rumba akipigiwa Not Fade Away ya Barton Hall ataanza kupiga makofi mahali panapotakiwa. Hart na Kreutzmann waliyajua mapigo hayo yametoka mbali. Mwezi Septemba 1978 bendi ilisafiri hadi Misri ikapiga siku tatu karibu na piramidi za Giza, na mwanamuziki wa Kinubi Hamza El Din akashiriki nao jukwaani. Pale Cornell walirefusha Not Fade Away kwa zaidi ya robo saa, wakarudi St. Stephen kwa muda mfupi kufunga mlango waliouacha wazi, kisha, bila kusimama, wakaingia Morning Dew.

Wengi watasema kilele cha usiku ni Scarlet na Fire. Kwangu ni Morning Dew, wala sina shaka. Wimbo huo uliandikwa na Bonnie Dobson wa Kanada mwaka 1961, wakati dunia ikihofia bomu la nyuklia. Ni mazungumzo kati ya watu wawili waliobaki baada ya kila kitu kuteketea. Mmoja anauliza, mwingine hana la kumjibu. Grateful Dead waliuweka kwenye albamu yao ya kwanza ya mwaka 1967 wakiwa vijana wanaopiga kwa pupa. Miaka kumi baadaye umepungua mwendo mpaka unaweza kuhesabu pumzi za Garcia kati ya mstari na mstari. Anaimba kwa sauti ambayo karibu inakatika. Solo ya kwanza inakuja na kuondoka. Anaimba tena, chini zaidi. Halafu inaanza solo ya mwisho, na inaanzia karibu na ukimya: noti moja moja, kila moja imeachwa imalize mlio wake. Lesh anaweka noti nzito za chini kwa umbali mkubwa kati yake. Ngoma hazijaingia kwa nguvu. Dakika zinapita. Unadhani wamefika, kumbe bado; unadhani sasa, bado. Mwishoni Garcia anaacha kupiga nyuzi moja moja na kuanza kuzipiga kadhaa kwa pamoja, kwa kasi, mkono haushuki, na bendi yote inapanda chini yake mpaka sauti inajaza kila pembe ya lile jengo la gwaride. Kisha unakuja mstari wa mwisho wa wimbo, na kelele za watu.

Walimalizia kwa One More Saturday Night, wimbo wa Jumamosi uliopigwa Jumapili, ili watu watoke wakicheza.

Sasa nirudi kwa Betty, kwa sababu hayo yote niliyoyaeleza nimeyapata kwake. Alirekodi juu ya kanda ya magurudumu, kwenye mikondo miwili tu, kushoto na kulia. Maana yake ni kwamba sauti zote za jukwaani, magitaa, piano, ngoma za watu wawili na maikrofoni za waimbaji, zilichanganywa palepale, muziki ukiendelea. Hakukuwa na nafasi ya kurudi kesho kuipandisha piano au kuishusha ngoma. Uamuzi ukishapita kwenye kanda umepita. Mchanganyiko wake ulikuwa wa kwake, mbali na ule ambao Dan Healy aliuelekeza kwenye spika za ukumbini, na tofauti hiyo ina uzito. Anayechanganya kwa ajili ya ukumbi hupambana na mwangwi wa ukumbi, na akiona besi inatosha kwa sababu jengo lenyewe linavuma, ataipunguza; kanda inayotokana na kazi hiyo hutoka imekonda. Betty alichanganya kwa ajili ya masikio ya mtu wa baadaye. Ndiyo maana kwenye kanda zake besi ya Lesh ina mwili, matoazi hayachomi, na gitaa la Weir, ambalo rekodi nyingi za bendi hulizika, linasikika likifanya kazi yake ya ajabu ya kujaza kati. Ule muungano usioonekana wa Scarlet na Fire unafuatika kwa sababu kila mmoja wao anasikika akifikiri. Ingekuwa kanda ya kawaida, tungesikia matokeo tu.

Bendi haikudumu sana katika hali ile. Juni 1977 Hart aliumia vibaya katika ajali ya gari na maonyesho ya kiangazi yakafutwa. Walirudi Septemba mbele ya umati wa zaidi ya watu 100,000 huko Englishtown, New Jersey. Keith na Donna Jean waliondoka 1979, na mwaka uliofuata Keith akafariki kwa ajali. Betty naye alipoteza nafasi yake mwanzoni mwa miaka ya 1980, na akabaki na kanda zake, mamia kwa mamia, kwenye ghala la kukodi. Maisha yalikuwa magumu, kodi ya ghala ikasimama, na mwaka 1986 mwenye ghala akaviuza kwa mnada vilivyokuwemo. Hivyo ndivyo kazi ya maisha ya fundi mmoja ilivyopita mikononi mwa wageni walionunua mali kwa mafungu. Baadhi ya kanda zilihifadhiwa na watu wasiojua thamani yake, zikaingia unyevu na ukungu. Zilizobahatika zilifikiwa na mashabiki wenye mashine nzuri, wakazinakili, na kuanzia mwaka 1987 nakala zake zikaanza kusambaa.

Ili kuelewa kishindo cha jambo hilo lazima ukumbuke kanda za mashabiki zilivyokuwa. Wapenzi wa Grateful Dead, wanaojiita Deadheads, walikuwa wameanza kubadilishana rekodi kwa mpango tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na gazeti la Relix, lililoanza 1974, lilizaliwa katika mduara huo. Oktoba 1984 bendi iliwatengea rasmi eneo la kukaa na maikrofoni zao. Sharti lilikuwa moja, na lililindwa kwa wivu: kanda haiuzwi. Ukitaka onyesho unatuma kaseti tupu na stempu za kurudishia, au unatoa kanda yako upewe ya mwenzako. Lakini kaseti ina adhabu yake. Kila inaponakiliwa inaongeza mvumo, sauti za juu zinafifia, na mashine isiyozunguka sawa hupandisha au kushusha muziki. Mtu aliyekuwa wa nane katika mnyororo alisikia bendi kutoka nyuma ya ukuta. Kwa watu hao, kupata ghafla kanda za Betty zilizonakiliwa karibu na asili yake ilikuwa kukutana upya na muziki waliodhani wanaujua. Barton Hall ilikuwa miongoni mwake. Ilienda chumba kwa chumba, bweni kwa bweni, mpaka ikawa ndiyo kanda ambayo kila mmoja anayo.

Wapo wanaolitumia jambo hilo kuipunguzia hadhi. Wanasema Barton Hall ni maarufu kwa sababu ilisambaa, na ilisambaa kwa sababu ilirekodiwa vizuri. Nakubaliana nao neno kwa neno, ila sioni inapungua nini. Muziki uliobuniwa papo hapo hauna maandishi ya kurudia. Ukikosa mtu wa kuupokea unakufa usiku uleule. Maonyesho yaliyopigwa vizuri na kurekodiwa vibaya ni mengi, na tunayaheshimu kwa kuambiwa tu.

Mwaka 2012 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitangaza kuliingiza onyesho hili katika Orodha ya Taifa ya Rekodi, kwenye kundi la rekodi 25 za mwaka 2011. Katika kundi hilohilo imo rekodi ya Bo Diddley ya mwaka 1955, yenye mapigo yaleyale ambayo Hart na Kreutzmann waliyapiga Ithaca kwa zaidi ya robo saa. Wakati huo Barton Hall ilikuwa bado haijawahi kuuzwa dukani hata siku moja. Serikali ilihifadhi kwa heshima kitu ambacho raia walikuwa wamekihifadhi kwa posta.

Kanda zenyewe hatimaye zilirudi kwenye hifadhi ya bendi, na mwezi Mei 2017, miaka 40 kamili tangu onyesho, zikatoka rasmi kupitia kampuni ya Rhino. Mafundi walitumia njia ya kitaalamu inayofuata mlio wa juu mno, usiosikika na sikio, ambao mashine huuacha kwenye kanda wakati wa kurekodi. Kwa kuufuata mlio huo waliweza kunyoosha kila mahali ambapo kanda ilizunguka kwa kasi isiyo sawa. Piano ndiyo iliyofaidika zaidi, maana noti ya piano inayoyumba huchosha sikio mara moja. Jina la Betty Cantor-Jackson lipo kama mrekodi. Tarehe 8 Mei 2023 Weir na Hart walirudi Barton Hall na kundi la Dead & Company, wakapiga mbele ya wanafunzi ambao wengi wao wazazi wao walikuwa watoto mwaka 1977.

Lakini mwenye hamu ya kweli asiishie na usiku mmoja. Mwaka huohuo wa 2017 lilitoka pia sanduku la sidii 11 lenye maonyesho manne mfululizo: New Haven, Boston, Ithaca na Buffalo, yote yamerekodiwa na Betty. Buffalo ni tarehe 9 Mei, kesho yake. Wanamuziki walikuwa wamesafiri na hawakujua kwamba jana walikuwa wamepiga onyesho litakaloandikiwa vitabu. Wanafungua na Help on the Way, wimbo wa 1975 wenye mikunjo migumu, unaoelekea Slipknot! na kutua kwenye Franklin's Tower, na tangu noti za kwanza kabisa wako imara kiasi kwamba wapo mashabiki wazee wa bendi hii wanaoapa Buffalo iliishinda Ithaca. Mimi bado niko na Ithaca kwa ajili ya ile Morning Dew. Ila ile Help on the Way ya Buffalo nimeshaipigia marafiki zaidi ya mmoja kabla ya kuwapigia kitu kingine chochote, na hakuna aliyeniomba niizime.